Kwa nini Apple waliwatosa IBM wakaenda Intel na sio AMD?

SWALI: Kaka habari za kazi, ofisini nimepewa iMac ya zamani imeandikwa PowerPC G5, programu karibu zote nikiweka zinagoma. Jamaa kaniambia Apple walishaachana na hizo prosesa kitambo wakahamia Intel. Sasa si miaka ile AMD ndo walikuwa wanawachapa Intel kwa spidi? Mbona hawakwenda huko?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Jamaa yako hajakosea, ila kilichowashinda Apple zaidi ni joto. Juni 2003 bosi wao Steve Jobs alisimama mbele za watu akaahidi ndani ya miezi 12 G5 itafika gigahezi 3, IBM waliokuwa wanaitengeneza wakahangaika weee mpaka 2005 wameishia 2.7, na mashine yenyewe inapoozwa kwa maji yanayozungushwa kwenye mipira kama rejeta ya gari. Dude hilo utaliingizaje kwenye laptopu? Ndo maana PowerBook ya G5 haikuwahi kutoka.

Juni 2005 Jobs karudi tena jukwaani San Francisco na hesabu zake, kwamba kwa kila wati ya umeme PowerPC itampa uniti 15 za kazi, Intel 70 (za kwake hizo, na alikuwa anauza). IBM nao wala hawakulia sana, mkononi walikuwa na mashine za gemu, Xbox 360, PlayStation 3 na Wii, zote zinatumia prosesa za ukoo huohuo, kwahiyo Apple alishakuwa mteja mdogo mwenye maneno mengi.

Haya, AMD. Kweli prosesa yao ya Athlon 64 ilikuwa moto, lakini ubabe wake ulikuwa kwenye kompyuta za mezani, wakati kwenye chipu inayokula umeme kidogo Intel tayari walikuwa na Pentium M, Core Duo iko njiani, halafu wana viwanda vingi, ukiagiza mzigo unafika. Nyie mnabishana spidi ya leo, mnunuzi kama Apple anauliza miaka mitatu ijayo utaniletea nini na utaleta nyingi kiasi gani. Swali hilohilo lilikuja kuwaponza Intel wenyewe, 2020 Apple wakaanza kuweka prosesa ya M1 waliyoibuni wao.

Hiyo iMac yako mwisho wake ni mfumo endeshi wa Mac OS X Leopard, tafuta programu za enzi hizo. Mtu akikuletea Snow Leopard ya 2009 mrudishie, ile ni ya Intel tu.