Mnaoanza fizio na wagonjwa wa saratani, pimeni kwanza

Nyie mnaoingia fizio (tiba ya viungo) mkakutana na wagonjwa wa saratani, msikimbilie kumpa mtu mazoezi, mpime kwanza. Na kabla ya kupima fungua faili. Angalia damu ikoje, chembe sahani (zile zinazogandisha damu) zikiwa chini ya elfu 20 hamna cha mazoezi hapo mpaka uongee na daktari, angalia kama saratani imefika kwenye mifupa maana mtu anaweza kuvunjika paja kwa kuinuka tu kitandani, na kama alipata doksorubisini (dawa ya kemo, ile nyekundu, wenyewe wanaiogopa) ujue inaweza kudhoofisha moyo hata miaka mingi baadaye.

Vipimo vyetu wala havitaki mashine. Kutembea dakika 6, unaangalia amefika umbali gani, unahitaji korido ya mita 30, koni mbili, kiti, saa na oksimita (kile cha kidoleni cha kupima oksijeni), basi. Hapa ndo wengi wanaharibu, unamkuta kijana anatembea sambamba na mgonjwa wanapiga stori, sasa hapo umepima mwendo wako sio wake. Simama pembeni, maneno ya kumtia moyo yawe yale yale kila dakika, akitaka kupumzika apumzike ila saa haisimami. Kuinuka kwenye kiti sekunde 30, unahesabu ameinuka mara ngapi, mikono kifuani, akishindwa bila kujisukuma kwa mikono andika sifuri, usimwonee huruma.

Kujua zoezi ni zito kiasi gani, mapigo ya moyo msiyategemee sana, damu pungufu na dawa za presha zinayavuruga. Msikilize anavyopumua tu akiwa kwenye zoezi: kuongea aweze, kuimba ashindwe.

Lengo la kawaida ni dakika 30 za mazoezi ya pumzi, kama kutembea, mara 3 kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara 2, ila zile siku za mwanzo baada ya dripu ya kemo hata dakika 5 5 sio mbaya. Dumbeli hana? Chupa ya maji ya nusu lita ni nusu kilo. Na akina mama waliotolewa titi, wengi wameambiwa mkono ule usibebe kitu maisha, wakati utafiti wa Marekani wa 2009 ulionyesha kunyanyua uzito unaopandishwa taratibu, kwa uangalizi, hakukuzidisha kuvimba kwa mkono.

Halafu ndugu sasa! Shangazi hataki mgonjwa aguse hata kikombe, mtu analala wiki nzima, misuli inaisha, uchovu unazidi, wanasema ni ugonjwa. Ongea nao mgonjwa akiwepo, waambie jamani mwacheni mama afagie kibaraza chake.

Kurudia kupima ni baada ya wiki 8 mpaka 12, kiti kile kile, korido ile ile, na siku ile ile ya mzunguko wa kemo, maana ukimpima mwanzo akiwa kwenye wiki ya tatu ameshapata nafuu, halafu ukaja kurudia siku moja tu baada ya dripu, utaandika amerudi nyuma kumbe hajarudi popote.