Vishikwambi 20, wanafunzi 60

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelisoma. Shule yenu hapo Embakasi imepata projekta moja na vishikwambi 20, Gredi ya 8 yako ina wanafunzi 60, intaneti haikai, nawe wauliza uanzie wapi.

Anza na kisichohitaji intaneti darasani. Kuna Kolibri, programu ya bure inayoigeuza laptopu yako kuwa maktaba; vishikwambi vinaisoma kupitia ruta, kile kisanduku kinachosambaza waifai, bila bando hata moja. Pakua masomo Jumamosi mahali penye waifai nzuri. Usipakue chaneli nzima, yaani mkusanyo wote wa masomo, video zitakujazia diski. Chagua mada ya wiki ijayo tu. Siku ya somo, unganisha laptopu na ruta, fungua sehemu ya Kifaa ndani ya Kolibri, unakili anwani iliyoonyeshwa pale. Kwa kawaida huishia na 8080. Iandike ubaoni kwa herufi kubwa, wanafunzi waiandike kwenye kivinjari.

Isipofunguka, usikimbilie kuilaumu ruta. Mara nyingi ni faiawoli ya Windows, yaani mlinzi wa laptopu, inayozuia vifaa vingine kuingia: iruhusu Kolibri kwenye mtandao binafsi. Angalia pia mipangilio ya umeme, kwa sababu laptopu ikilala, vishikwambi vyote 20 vinakatika papo hapo.

Jambo linalowashinda walimu wengi ni video. Vishikwambi 20 vikivuta video kwa wakati mmoja, ruta ndogo ya nyumbani hulemewa, picha zikagandaganda na darasa likageuka soko. Video ionyeshe mara moja kwenye projekta. Vishikwambi viachie mazoezi na majaribio, kwa mfano saketi za umeme za PhET, majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye skrini, ambazo ni nyepesi na mtoto anajionea balbu ikififia akiongeza nyingine kwa mfululizo.

Watatu kwa kishikwambi kimoja: mmoja agusa, mmoja aandika daftarini, mmoja asoma maagizo. Badilisha zamu kila dakika 8, la sivyo mwenye vidole vyepesi atashika hadi kengele. Kipindi ni dakika 40, na kugawa na kukusanya vifaa kutakula 10 kati ya hizo. Andika namba mgongoni mwa kila kishikwambi kwa wino usiofutika na umpe kila kiongozi wa kundi namba yake.

Projekta nayo: ukiiweka mita 3 kutoka ukutani, zile za kawaida hutoa picha ya upana wa karibu mita 2. Herufi zisipungue ukubwa wa 28, kwani aliye nyuma kabisa ndiye kipimo. Skrini ikibaki nyeusi, bonyeza Windows na P, uchague kunakili (Duplicate). Kisha hakikisha projekta yenyewe imewekwa ipokee picha kupitia HDMI, tundu la waya wa picha. Beba waya wako mwenyewe wa HDMI. Luthuli Avenue, huko mjini Nairobi, utaupata, lakini ujaribu palepale dukani kabla ya kulipa. Zima arifa za WhatsApp, tafadhali, maana ujumbe wako wa faragha utasomwa na watu 60.

Stima ikipotea, laptopu na vishikwambi vina betri, ila ruta haina. Ndiyo maana ningenunua ruta ndogo inayopata umeme kwa waya wa USB, uichomeke kwenye pawabenki. Usitegemee hotispoti ya laptopu: ile ya Windows hupokea vifaa 8 tu.

Usiwafungulie watoto akaunti za mtandaoni kwa majina yao kamili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi. Ndani ya Kolibri, namba za darasani zinatosha.

Mwisho wa kipindi, kama projekta yenu ni ya taa, zima kwa kitufe, ungoje feni inyamaze ndipo uchomoe. Taa ikikosa kupozwa hufa mapema, na kuipata nyingine ni gharama.

Jaribu yote haya Ijumaa jioni darasa likiwa tupu, kisha unipigie.

Mama yako