Tuanze na Chakula au na Maombi?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Kikundi chetu cha akina mama humtembelea mjane anayeuguza mtoto. Wenzangu wanasema kazi yetu ni kumwombea tu. Mimi naona haya kusema amina na kuondoka ilhali hajui watakula nini usiku. Je, nimepotoka?

JIBU: Amina, dada yangu. Hujapotoka hata kidogo. Yakobo 2:15-16 inamtaja mtu anayemwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani akashibe, bila kumpa kitu. Yafaa nini? Na wajane wa Yerusalemu waliposahauliwa katika mgao wa kila siku, mitume waliagiza wachaguliwe wanaume saba waliojaa Roho na hekima (Matendo 6). Kugawa chakula kulihitaji watu wa Roho! Hilo hunigusa kila ninapolisoma.

Basi nendeni na kikapu. Ila mpeni kwa siri: msimpige picha, wala msimwekee sharti la kuja ibadani. Mmoja wenu abaki na mtoto ili mama alale kidogo. Kisha muulizeni angependa aombewe nini, na mmsikilize mpaka amalize. Huenda ana uchungu na Mungu. Mwacheni auseme, msimkemee. Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo. Msomeeni Zaburi ya 13, ina aya sita tu. Na mrudi tena, hata siku ambayo hamna cha kubeba.