Ukitaka Picha ya Elisabethville Iuzike, Tafuta Watu Ndani Yake

Wiki iliyopita nilitundika picha za turubai za Elisabethville, yaani Lubumbashi yetu ya zamani, kwenye mapokezi ya hoteli moja katikati ya mji, na patron, mwenye hoteli, akalipa siku ileile, kwa dola, bila kuniambia nirudi kesho. Tangu hapo simu yangu haitulii. Vijana mnaniuliza mashine gani, wino gani, turubai linapatikana wapi. Picha yenyewe niliipataje, hakuna anayeuliza, na kazi yote iko hapo.

Najua wengi wenu mna flash zilizojaa kadi za posta za zamani: kanisa kuu, reli, barabara pana zenye miti michanga. Hata mimi nilianza nazo. Mji wetu ulizaliwa 1910, mwaka uleule reli ilipofika kutoka kusini, kwa hiyo umepigwa picha tangu utotoni, na hadi jina lilipobadilika 1966 kadi za Elisabethville zilikuwa zimetapakaa mpaka Ubelgiji. Nilizichapa, nikazitembeza maofisini. Watu wakasifu, wakanirudishia. Mpaka mama mmoja mwenye mgahawa mtaa wa Kamalondo akaniuliza bila kupepesa: "Papa, batu betu beko wapi humu?"

Sikuwa na jibu. Mwaka 1838 Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya Boulevard du Temple, Paris. Barabara inaonekana tupu, kwa sababu sahani ya kamera yake ilihitaji dakika kadhaa za mwanga na kila aliyekuwa akitembea hakuacha alama. Amebaki mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu. Elisabethville haikuwa na kisingizio hicho, kamera za wakati wake zilinasa mtu kwa kufumba na kufumbua. Mpiga picha alitaka majengo ya kuwaonyesha watu wa Ulaya, na Weusi walikuwa wamewekwa kando, ng'ambo ya eneo lililoachwa wazi kati ya mji wa wazungu na cité, mtaa wa Weusi.

Basi nikaanza kutazama pembeni mwa kadi. Katika moja, chini ya baraza la duka, kulikuwa na doa jeusi nililokuwa nikilipita siku zote. Nikaipitisha kadi kwenye skana kwa nukta 1200 kwa inchi, na doa likawa mama: beseni kichwani, kitambaa kimekazwa kiunoni, kamgeukia mpiga picha kana kwamba anamdai. Nikakata majengo, nikabakiza robo ya kadi iliyo na yeye. Sentimita 4.5 kwa 7 hutoa karibu 54 kwa 84 ukichapa kwa nukta 100 kwa inchi, na turubai, kwa ukali wa nyuzi zake, linasamehe. Ila kagua kadi kwa lenzi kwanza. Ikiwa imechapwa kwa vitone kama gazeti, ukiikuza utauza vitone.

Na msiguse programu za kusafisha sura. Nilimjaribu mama yule humo, akatoka na macho ya mtu mwingine kabisa. Huo ni uongo, na wazee wa mji huu wanajua nyuso. Sammy Baloji, msanii wa picha, mtoto wa hapahapa, aliwaweka wafanyakazi wa picha za kikoloni juu ya magofu ya Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, bila kuwarembesha, na dunia ikamtazama. Tafuteni watu kwanza. Mashine baadaye. Na muulize picha ni ya nani: Ubelgiji haki ya mpiga picha hudumu miaka 70 baada ya kifo chake.

Yule patron, kwa njia, alitaka mama apakwe rangi nyekundu ya sofa zake. Nikamwambia ni rahisi zaidi kubadilisha sofa.

Mengine ni madogo: acha sentimita 5 kila upande za kukunjia kwenye mbao, na chukua nusu ya malipo kabla ya kutoa faili. Hili la mwisho lishikeni, jamani, heshimuni jasho lenu. Kuna ofisi moja ilibaki na sampuli zangu "tukawaonyeshe wakubwa", kisha nikazikuta ukutani kwao, zimechapwa kwenye bashi, lile plastiki la matangazo, na mimi sijapata hata asante. Bashi lenyewe limeanza kupauka. Najua, kwa sababu kila nikiwa na shughuli mjini napitia pale kuhakikisha.