Uliza Ujibiwe: Msanii Binafsi Anapoomba Ruzuku

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wasanii watatu wa Mombasa, na zote zinahusu ruzuku anayoiomba mchoraji au mchongaji kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la kikundi wala la shirika. Tumezifupisha bila kugeuza maana yake.

SWALI: Bwana Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni mchoraji, nakaa Kibokoni. Huchora milango ya nakshi ya Mji wa Kale, na huichora juu ya mbao kuukuu zinazotolewa katika majahazi yanapokarabatiwa. Mbao hizo zimejaa chumvi, na rangi haishiki mpaka niziloweke kwenye maji baridi na kuzianika kivulini kwa wiki kadhaa. Matundu ya misumari siyazibi. Nimeomba ruzuku za nje kwa miaka sasa, na kila mara naarifiwa kwamba sikuchaguliwa, bila kuelezwa sababu. Nimeambatisha maelezo niliyotuma mara ya mwisho. Je, nimekosea wapi? Na je, ni lazima nisajili kikundi ndipo nisikilizwe? – Mchoraji wa Kibokoni

JIBU: Waalaykum salaam, dada yetu. Niliisoma barua yako, kisha nikayasoma maelezo uliyoambatisha, nikashangaa kwamba vyote viwili vimeandikwa na mkono mmoja. Barua ina ubao, chumvi, maji baridi na tundu la msumari ambalo msanii ameamua kutoliziba. Maelezo hayana hata kimoja kati ya hivyo. Yana sentensi hii: "Sanaa yangu inahamasisha jamii na kuleta mabadiliko chanya miongoni mwa vijana wa Pwani," na baada yake zinafuata ahadi za kuwafunza vijana 100, kupambana na dawa za kulevya na kuhifadhi mazingira. Sentensi hiyo anaweza kuitia sahihi mtu yeyote, hata ambaye hajawahi kushika brashi, na jopo lenye rundo la maombi mbele yake halitakutambua kwayo.

Najua tulikoitoa lugha hiyo. Wengi wetu hapa Pwani tulijifunza kuandika maombi katika semina za mashirika, ambako fomu huuliza walengwa ni akina nani, matokeo yatapimwaje na mradi utaendeleaje fedha zikiisha. Hayo ni maswali ya haki kwa shirika. Lakini anayetoa ruzuku kwa msanii binafsi anatafuta mambo mengine: kazi uliyokwisha kuifanya ina uzito gani, inaelekea wapi, na fedha zake zitakuwezesha kufanya nini ambacho sasa huwezi. Ukimjibu maswali ambayo hakuyauliza, unamfanya aamini kwamba huna cha kusema kuhusu uchoraji wako, na hilo, kwa barua niliyoisoma, si kweli hata kidogo.

Kabla ya kuandika upya, chagua kwa uangalifu unayemwandikia, kwa maana wafadhili hawafanani. Wakfu wa Pollock-Krasner wa New York, ulioanzishwa mwaka 1985 kutokana na mali aliyoiacha mchoraji Lee Krasner, huwapa wachoraji, wachongaji na wanaofanya kazi zao juu ya karatasi kutoka nchi mbalimbali, na ruzuku yake inaweza kufika dola 50,000. Unaangalia ubora wa kazi pamoja na mahitaji halisi ya kifedha ya mwombaji, hauwafadhili wanafunzi wala wapiga picha, haulipi madeni ya zamani, na unatarajia uwe unaonyesha kazi zako hadharani. Wakfu wa Elizabeth Greenshields wa Montreal, Kanada, ulioanzishwa mwaka 1955, unawasaidia walio mwanzoni mwa safari yao wanaochora au kuchonga vitu, watu na mandhari kwa namna inayotambulika. Kazi ya dhahania haimo. Huo hupokea maombi mwaka mzima. Mfuko wa Prince Claus wa Amsterdam, ulioanza mwaka 1996, una tuzo iitwayo Seed ya yuro 5,000 kwa wasanii wanaochipukia, wakiwemo wa Afrika, na wenyewe huvutiwa na kazi inayogusa mambo ya jamii. Hata hivyo, huko nako wanauliza kazi yako inasema nini kuhusu jamii hiyo, si semina ngapi utaziendesha.

Milango yako inatambulika kuwa ni milango, kwa hiyo Greenshields inakufaa moja kwa moja. Pollock-Krasner inakufaa pia ikiwa una maonyesho ya kuorodhesha. Kama huna, usikimbilie kuomba. Anza kuonyesha hapa nyumbani. Peleka kazi zako Alliance Française ya Mombasa, ulizia nafasi Fort Jesus, na usidharau maonyesho ya pamoja yenye wasanii wanne au watano, kwani hayo nayo huandikwa katika wasifu, kwa mwaka, mahali na jina la maonyesho.

Sasa maelezo yenyewe. Futa ulichokiandika, uanze na ubao. Sema unaupata wapi, kwa nini umeuchagua badala ya turubai, chumvi inaifanyaje rangi, na kwa nini tundu la msumari linabaki wazi katikati ya ua la nakshi. Sema ni milango ipi unayoichora, na kama mingine imekwisha ng'olewa na kuwekwa ya chuma, sema hivyo pia, maana hapo ndipo msomaji wa mbali atakapoelewa kwamba mlango uliotoweka unachorwa juu ya jahazi lisilosafiri tena. Wewe hukuandika hivyo popote, nimeyaona mwenyewe katika picha zako. Lakini ni haki yako kuyasema kabla sijayasema mimi. Aya tatu au nne zinatosha. Ukijikuta umeandika "jamii" mara mbili katika aya moja, simama ujiulize ni nani hasa unayemkusudia: jirani, fundi wa majahazi, au mwenye nyumba?

Picha zina uzito kuliko maneno, na hapa sitakuficha dada yangu, zako zinakuangusha. Mbili zimepigwa usiku chini ya balbu ya manjano, moja ina pazia nyuma yake, na moja imepigwa kwa upande hivi kwamba ubao wa mraba unaonekana kama umepinda. Tundika kazi ukutani mahali penye kivuli asubuhi, jua likiwa halijawa kali, simama mbele yake sawasawa, kamera iwe kimo kimoja na katikati ya ubao, kisha ukate kila kisicho kazi. Piga picha moja au mbili za karibu ili tundu na punje za mbao zionekane. Kila picha iandikiwe jina la kazi, mwaka, rangi na kitu kilichochorewa, na vipimo kwa sentimita, urefu kwenda juu ukitangulia upana. Chagua kazi zinazokaa pamoja kama ndugu. Picha 10 za milango juu ya mbao zitakujenga zaidi kuliko milango mitano, simba wawili wa watalii na picha ya harusi uliyoagizwa na jamaa.

Kwenye bajeti umeandika "vifaa: 200,000" na kunyamaza. Ichambue. Tuseme unahitaji mbao 20 na kila ubao pamoja na mkokoteni wa kuuleta hadi nyumbani unagharimu shilingi 1,500. Andika hesabu hiyo hadi ifike 30,000, kisha ufanye vivyo hivyo kwa rangi, brashi, kodi ya chumba cha kazi na mpiga picha. Tia na ujira wako. Wasanii wetu wengi huona haya kujiandikia chochote, ilhali wafadhili kama Pollock-Krasner hukubali waziwazi kwamba fedha zao zigharamie hata maisha ya msanii wakati anafanya kazi. Weka pia makato ya benki kwa fedha zinazotoka nje, na utaje kiwango cha ubadilishaji ulichotumia pamoja na tarehe yake.

Barua za mapendekezo ziombe mapema, kwa watu walioiona kazi yako kwa macho yao: msimamizi wa maonyesho, mwalimu wa sanaa, msanii aliyekutangulia. Barua ya chifu au ya diwani yenye mhuri mkubwa inathibitisha unakoishi, na haimwambii mwamuzi lolote kuhusu uchoraji. Mpe mwandishi wa barua nakala ya maelezo yako ili asikusifie kwa mambo mengine.

Kuhusu kikundi: hapana, si lazima. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua 10, na kuwakusanya jamaa tisa wasiochora ili upate cheti ni kujitafutia ugomvi siku fedha zitakapoingia. Pale tangazo linapotaka kikundi, liachie vikundi. Pale linapotaka mtu binafsi, jaza majina yako kama yalivyo katika kitambulisho, na uhakikishe akaunti ya benki ina majina hayo hayo kwa mpangilio huo huo. Jina unalotia sahihi kwenye ubao liandike penye nafasi ya jina la usanii. Malipo yanaweza kukwama kwa wiki kadhaa kwa sababu benki inamjua mtu mwenye majina matatu na fomu inamtaja mwenye mawili.

SWALI: Mhariri, mimi ni mchongaji wa Likoni. Tangazo moja la Ulaya lilisema mwisho wa kupokea maombi ni "12:00 AM, tarehe 15". Nilituma jioni ya tarehe 15 nikakuta mlango umefungwa. Niliwaandikia, hawakujibu. Je, nimedhulumiwa?

JIBU: Pole, kaka, lakini hukudhulumiwa. "12:00 AM, tarehe 15" ndipo tarehe 15 inapoanza, yaani usiku wa kuamkia tarehe 15, na si mwisho wa siku hiyo. Ulipokuwa ukitengeneza picha zako mchana wa tarehe 15, dirisha lilikuwa limekwisha fungwa. Jambo la pili la kuangalia ni saa za nchi gani. Nchi kama Uholanzi na Ujerumani ziko nyuma yetu kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto. New York iko nyuma kwa saa nane au saba. Kwa hiyo kinachofungwa usiku wa manane huko Amsterdam, hapa kwetu ni saa 7 au saa 8 za usiku, na kinachofungwa usiku wa manane New York, hapa ni saa 1 au saa 2 za asubuhi inayofuata. Andika saa ya hapa kwenye kalenda siku ile ile unapoliona tangazo, kwa kutaja kabisa kama ni usiku au asubuhi, kisha utume siku mbili kabla. Picha nzito hupanda polepole, umeme nao hukatika, na tovuti za maombi huelemewa saa za mwisho. Ukishatuma, subiri barua pepe ya kuthibitisha kwamba ombi limepokelewa, na uihifadhi.

SWALI: Nachonga vinyago Changamwe. Kiingereza changu si kizuri. Kuna bwana amenitumia ujumbe kwamba atanijazia fomu ya ruzuku ya Marekani nikimtumia shilingi 5,000 kwa simu, na ikipatikana achukue asilimia 30. Anataka pia picha ya kitambulisho changu. Nifanyeje?

JIBU: Usimtumie chochote, mzee wangu, wala fedha wala kitambulisho. Pollock-Krasner, Greenshields na Prince Claus hawatozi ada ya kuomba, na fomu zao ziko wazi kwenye tovuti zao kwa yeyote. Yapo maonyesho na mashindano yanayotoza ada ya kushiriki, lakini ada hiyo hutajwa katika tangazo lenyewe na hulipwa kwa mwandalizi, si kwa nambari ya simu ya mtu usiyemjua. Hiyo asilimia 30 nayo haina msingi: ruzuku hupewa msanii kwa kazi aliyoieleza katika bajeti, na bajeti haina mstari wa dalali. Kama umekwisha kutuma fedha, hifadhi ujumbe wa muamala, nenda kituo cha polisi ukaandikishe ripoti na upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.

Kiingereza kisikuzuie. Eleza kazi yako kwa Kiswahili, kwa mdomo ukipenda, huku kijana unayemwamini akikurekodi: mti gani, unaukausha vipi, unaanza na patasi ipi, kwa nini uso wa kinyago hiki umeelekea chini. Kisha mtafute mwalimu au mwanafunzi wa chuo akutafsirie, mkae pamoja sentensi kwa sentensi ili asikuongezee maneno ya semina, na umlipe ujira wa kazi ya siku mliyokubaliana, ruzuku ipatikane isipatikane. Anwani ya barua pepe itakayoandikwa kwenye fomu iwe yako, na nywila uijue wewe, kwa kuwa barua ya kukubaliwa, pamoja na fomu ya kujaza nambari ya akaunti ya benki, itafika hapo na si kwingine.