Altaneta ikifa angani

Ndugu, umeuliza kama RV-7 yako, ndege ndogo ya kujiundia, yenye ignisheni (mifumo ya kutoa cheche za kuwasha mafuta) mbili za kielektroniki, inahitaji betri ya pili. Ndiyo, hata ndogo, maana altaneta (jenereta inayozungushwa na injini) ikifa, betri ndiyo inabaki. Magneto, ignisheni ya kawaida ya ndege ndogo, hujizalishia umeme wa cheche, ila hizo zako umeme ukikatika injini inazima.

Kila ignisheni ipate waya wake moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi yake, usipitie swichi kuu. Ukinusa moshi unazima swichi kuu, injini inaendelea kunguruma.

Altaneta ya akiba? Mimi napenda B&C SD-8, inakaa pale pampu ya vakyumu (ya kuvuta hewa kuendesha baadhi ya vyombo) ingefungwa. Inatoa ampea 8 tu, kwa hiyo pima kwanza ignisheni, redio na skrini moja vinakula ngapi. Usikisie. Na taa ya onyo iwake volti zikishuka chini ya 13.