Mazoezi ya Tiba Ndani ya Maji: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Gegedu za magoti yangu zimelika, na kutembea kidogo tu huniletea maumivu makali. Kwa nini mtaalamu wa fiziotherapia anasisitiza nitembee bwawani?

Kwa sababu maji yatakubebea sehemu kubwa ya uzito wako. Yakikufika kitovuni, miguu hubeba takriban nusu tu ya uzito wa mwili. Yakikufika shingoni, hubeba karibu asilimia 10. Goti lisilovumilia hatua chache sakafuni huweza hivyo kukunjwa na kunyooshwa kwa muda mrefu zaidi, na misuli ya paja, ambayo ndiyo ngao ya goti na ambayo hunyong'onyea mtu anapoacha kutembea kwa kuogopa maumivu, ikarudi kazini. Wakati huohuo maji hukinza kila mwendo: ukiongeza kasi mara mbili, ukinzani huongezeka karibu mara nne. Mgonjwa basi ndiye anayepima ugumu wa zoezi lake, kwani akihisi maumivu hupunguza kasi na maji humlegezea papo hapo. Kwangu mimi, hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Uvuguvugu wa bwawa la tiba, ambao aghalabu ni nyuzi 33 hadi 36 za Selsiasi, nao hulegeza misuli iliyokaza.

Swali: Sijui kuogelea. Je, nitaweza?

Utaweza. Mazoezi mengi hufanywa mtu akiwa amesimama, kichwa kikiwa nje ya maji na mkono ukishika ukingo. Lakini usiingie kamwe bila msimamizi, hata kama maji ni ya kiunoni.

Swali: Baba yangu alipata kiharusi na sasa anaogopa kuanguka kiasi kwamba hataki kusimama. Maji yatamsaidia?

Yanaweza kumsaidia sana, na naomba hofu yake isipuuzwe. Majini, mwili unaoyumba huinama polepole, hivyo mgonjwa hupata muda wa kuhisi kosa na kulirekebisha, muda ambao sakafuni hana. Hata hivyo, shinikizo la maji husukuma damu kutoka miguuni kuelekea kifuani na kuuongezea moyo kazi. Kwa hiyo daktari aupime kwanza moyo wake pamoja na shinikizo la damu, na aelezwe kama mzee amewahi kupata kifafa.

Swali: Nilifanyiwa upasuaji wa nyonga wiki iliyopita. Nianze lini?

Subiri kidonda kifunge kabisa na daktari aliyekupasua akikague. Mwenye kidonda wazi, homa au maambukizi ya ngozi hapaswi kuingia bwawani.

Swali: Bwawani natembea vizuri, lakini nikitoka miguu huwa mizito mno. Je, nimerudi nyuma?

Hapana. Uzito uliokuwa umebebwa na maji umekurudia ghafla. Panda ngazi taratibu ukishika reli, kisha keti dakika chache na unywe maji, kwa kuwa bwawani mtu hutoka jasho bila kujua. Lakini uzito huo unakuonyesha pia kazi iliyobaki, maana mifupa na misuli inayokusimamisha huimarika zaidi inapobeba mwili wenyewe, na viti na ngazi unavyovitumia kila siku viko nchi kavu. Mwombe mtaalamu akupunguzie kina kadiri nguvu zinavyorudi, kutoka kifuani hadi kiunoni, huku akikuongezea mazoezi ya sakafuni, akianza na kuinuka kitini bila kujishikiza.